Mwongozo Kamili wa Kuzuru Mombasa kwa Siku Mbili: Kupanga Ziara kwa Saa za Maji, za Jikoni na za Barabarani

Wageni wengi wanaokwenda Mombasa kwa siku mbili hurudi na malalamiko yaleyale. Walifika ufukweni wakakuta maji yamekupwa hadi mwambani, walikwenda kutafuta mbaazi na mahamri saa tano wakaambiwa vimekwisha tangu asubuhi, na sehemu kubwa ya Jumamosi yao ikapotelea kwenye foleni kati ya Nyali, upande wa bara, na kisiwani. Kisha husema kwamba siku mbili hazitoshi.

Siku mbili zinatosha, mradi zipangwe kwa saa badala ya orodha ya mahali. Mombasa ina saa tatu zisizomngoja mgeni: saa ya maji ya bahari, saa ya jikoni na saa ya barabara. Mwongozo huu unachukulia kwamba unafika Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili usiku.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

- Jedwali la maji la Mombasa kwa tarehe zako. Linapatikana bure kwenye intaneti, mara nyingi kwa jina la Kilindini, bandari kuu ya Mombasa. Kati ya vitu vyote vilivyotajwa hapa, hiki ndicho wageni husahau zaidi na ndicho chenye faida kubwa zaidi.
- Kitambulisho au pasipoti uliyotumia kukatia tiketi ya treni. Kituoni jina la tiketi hulinganishwa na la kitambulisho.
- Tiketi ya kurudi, pamoja na ile ya kwenda.
- Pesa kwenye M-Pesa, na noti ndogo mfukoni. Mikahawa mingi hupokea malipo kwa simu, lakini muuza muhogo na dereva wa tukutuku huenda wasiwe na chenji ya noti ya 1,000.
- Akaunti ya eCitizen iliyokwisha kufunguliwa, kwa ajili ya ada za hifadhi na makumbusho ya serikali. Kuifungua getini juani, mtandao ukiwa mzito, ni njia ya hakika ya kupoteza asubuhi.
- Viatu vya kuingia navyo majini, vyenye soli ngumu. Ndala hazifai, kwa kuwa huchomoka na huchomwa na miiba.
- Nguo za stara za kuvaa Mji wa Kale: mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume na wanawake.
- Chupa ya maji ya kujaza tena. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika hifadhi, misitu na fukwe za Kenya.
- Kofia na mafuta ya kujikinga na jua.

## Hatua ya 1: Chagua wikendi kwa kutazama mwezi

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa hizo huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Hii ndiyo sababu ushauri wa rafiki aliyeogelea vizuri saa nne asubuhi mwezi uliopita unaweza kukupoteza kabisa mwezi huu.

Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu na zile zinazozifuata mara moja, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa Mombasa huweza kupita mita 3. Maji yakipwa, ufuo wa Bamburi au Nyali hugeuka uwanja mpana wa mchanga, mwani na madimbwi, na hakuna pa kuogelea. Wakati wa maji mafu, karibu wiki moja baadaye, tofauti hiyo hupungua sana na maji hubaki ufukweni kwa muda mrefu wa siku.

Iko kanuni ya kushika kichwani. Katika bamvua, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa karibu saa nne hadi saa tano asubuhi. Katika maji mafu mambo hugeuka: hujaa katikati ya asubuhi na hupwa alasiri. Kanuni hiyo hukupa picha ya jumla, ila saa halisi uzisome kwenye jedwali.

Kwa hiyo, anayetaka kuona matumbawe asubuhi na kuogelea jioni achague wikendi ya bamvua. Mwenye watoto wadogo, wanaotaka kucheza majini bila kuyafuata mbali, achague maji mafu. Ikiwa tarehe zako haziwezi kubadilika, basi badilisha mpangilio wa siku, kwa maana bahari haitabadilika kwa ajili yako.

Tazama pia msimu. Kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, huleta joto kali, lakini bahari huwa tulivu na maji huwa maangavu. Kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, huchafua bahari, huleta mwani ufukweni na huwapunguzia wavuvi wa mashua ndogo siku za kutoka. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi.

Onyo: Mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi ya Kiswahili hufungwa mchana. Usiku wake, hata hivyo, una vyakula vingi kuliko miezi mingine yote, na anayekubali kulala mchana na kutembea baada ya magharibi atakula vizuri sana.

Utajua umefaulu ukiwa na karatasi yenye saa za kujaa na kupwa kwa kila siku ya ziara, kabla ya kulipia chumba.

## Hatua ya 2: Amua utalala upande gani wa maji

Mombasa mjini ni kisiwa. Kaskazini kinaunganishwa na bara kwa Daraja la Nyali, magharibi kwa barabara ya Makupa, na kusini kwa kivuko cha Likoni. Barabara ya Dongo Kundu humwezesha mwenye gari kufika Kwale bila kupanda feri, ila si njia ya kukufikisha Mji wa Kale. Kila unapolala upande mmoja na kula upande wa pili, unalipa kwa muda.

Kwa ziara ya siku mbili, napendekeza Nyali au Bamburi kwa anayetaka bahari, na kisiwani kwa anayetaka chakula na Mji wa Kale. Usilale Diani. Ni pazuri, lakini pako kaunti ya Kwale, na atakayelala huko akitaka kuiona Mombasa atatumia saa nyingi barabarani. Diani ipewe safari yake yenyewe.

Onyo: Uliza chumba kiko mbali kiasi gani na maji kwa miguu. Maneno "karibu na ufuo" katika matangazo huweza kumaanisha ng'ambo ya barabara kuu na nusu saa ya kutembea juani.

## Hatua ya 3: Kata tiketi na ufike bila kujichosha

Wanaotoka Nairobi kwa treni ya SGR hukata tiketi kwa kubonyeza *639# au kwenye tovuti ya shirika la reli. Tangu Januari 2024, nauli ya Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500 kwa daraja la kawaida na 4,500 kwa daraja la kwanza. Wikendi, siku za sikukuu na likizo za shule, tiketi huisha mapema, na wengi hukwama wakiwa tayari wamelipia hoteli. Kata tiketi zote mbili siku moja.

Fika kituoni angalau saa moja kabla ya treni kuondoka, kwa sababu mizigo hukaguliwa zaidi ya mara moja na foleni ya ukaguzi ndiyo inayowachelewesha watu.

Kituo cha Mombasa kiko Miritini, nje ya kisiwa. Ukitoka utakutana na madereva wengi kwa wakati mmoja. Agiza gari kwa programu ya simu, au patana bei waziwazi kabla mzigo wako haujaingia garini. Matatu ni nafuu na zinafaa kwa asiye na mizigo mikubwa.

Wanaotua uwanja wa ndege wa Moi wako karibu zaidi na mjini, lakini nao, kama wanaotoka Miritini, hupita foleni ya magari ya Changamwe kabla ya kuingia kisiwani.

## Hatua ya 4: Jioni ya kwanza, nenda Mama Ngina

Usianze na mkahawa mkubwa ukiwa umechoka. Panda tukutuku hadi bustani ya Mama Ngina, kusini mwa kisiwa, ambako mibuyu mikubwa imesimama juu ya majabali na meli hupita karibu zikiingia Kilindini. Fika kabla ya jua kutua.

Chakula cha hapo ni muhogo. Uombe wa kukaanga au wa kuchoma, uliopasuliwa na kutiwa pilipili ya unga na ndimu, kisha uushushe kwa dafu. Mwenye hamu ya zaidi atapata mabuyu na achari ya embe.

Onyo: Hapo si mahali pa kuogelea. Majabali ni makali na mkondo wa mlango wa bandari una nguvu.

Utajua umefaulu ukiwa umeshiba kwa pesa kidogo, upepo umekupiga, na umelala mapema. Kulala mapema ni sehemu ya mpango, kwa sababu ya hatua inayofuata.

## Hatua ya 5: Asubuhi ya Jumamosi, tii saa ya jikoni

Hapa ndipo wageni wengi hukosea, na ndipo Mombasa inapomlipa vizuri anayeamka. Kila chakula cha Kiswahili kina wakati wake, na mpishi hupika kwa kipimo cha wakati huo. Kikiisha, kimekwisha hadi kesho.

Mbaazi za nazi na mahamri ni chakula cha asubuhi. Vuka kuingia kisiwani mapema, uwe umeketi kwenye mkahawa mdogo wa Mji wa Kale kabla ya saa mbili. Hamri nzuri imevimba, ina uwazi ndani, inanukia iliki na haikuachii mafuta mengi vidoleni. Mbaazi ziwe zimeiva hadi kulainika, na tui lake liwe zito, lisiwe maji ya njano yanayozunguka sahani. Ukiona wenyeji wanabeba mahamri kwa mifuko ya karatasi kupeleka nyumbani, umefika mahali panapofaa.

Fort Jesus hufunguliwa saa mbili asubuhi, na ni vyema uwe miongoni mwa wa kwanza, kwa sababu kuta zake hushika joto na kufikia saa tano ua wake huwa hauvumiliki. Usiishie kwenye mizinga ya mlangoni. Nenda ukumbi wenye vitu vilivyoopolewa kutoka meli ya Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, kisha upande Nyumba ya Waomani uone Mji wa Kale na maji yake kutoka juu. Saa moja na nusu inatosha.

Onyo: Nje ya lango watakufuata watu wanaojitolea kukuongoza. Mwongozaji mzuri ana thamani kubwa, ila mwulize kitambulisho chake cha kazi, na mkubaliane malipo na muda kabla ya hatua ya kwanza. Asiyetaka mwongozaji aseme "ahsante, sihitaji" mara moja kwa upole na aendelee na njia yake.

Kutoka ngomeni shika Ndia Kuu. Tembea polepole, tazama milango ya nakshi na roshani za mbao, upite Msikiti wa Mandhry hadi Bandari ya Kale. Usipige picha za watu bila idhini, hasa kina mama, na usiingie msikitini bila ruhusa. Ukimkuta mzee barazani, anza na "shikamoo" kabla ya kuuliza njia; utajibiwa kwa marefu, na pengine utaonyeshwa uchochoro ambao ramani ya simu haiujui.

Malizia asubuhi kwa Marikiti na Barabara ya Biashara. Marikiti nunua viungo vizima, yaani iliki, mdalasini na karafuu ambavyo havijasagwa, kwa kuwa vilivyosagwa hupoteza harufu upesi na ni vigumu kujua vimechanganywa na nini. Barabara ya Biashara ndiyo ya leso na vikoi. Leso huuzwa mbili pamoja zikiwa hazijakatwa, kwa hiyo soma jina lake kabla ya kulipa, kwa sababu leso ni ujumbe na huenda hutaki kumpelekea mama mkwe maneno ya kumkejeli. Kisha umpe fundi azikate na kuzipinda.

## Hatua ya 6: Mchana, biriani au samaki wa kupaka

Biriani ni chakula cha mchana. Ya Mombasa huja sehemu mbili: wali wenye rangi, na masalo mazito ya nyama, vitunguu vya kukaanga na mtindi yaliyopikwa peke yake. Ukiletewa wali uliochanganyika na nyama tangu jikoni, hiyo ni pilau, nayo ni tamu, ila siyo uliyoagiza. Fika kabla ya saa saba. Kuanzia saa nane utapata mabaki ya sufuria.

Samaki wa kupaka ni jambo la subira. Huchomwa kwa makaa, kisha hupakwa tui zito lenye ndimu au ukwaju na kurudishwa motoni hadi tui limshike. Mkahawa ukikuletea baada ya dakika tano, alikuwa amepikwa zamani. Uliza kwanza: "Leo mna samaki gani?" Mpishi anayejibu kwa jina, kama changu, tafi, kolekole au tewa, anakijua kilichomo jikoni mwake. Anayejibu "samaki tu" mwagizie wali wa nazi na mchuzi wa kuku.

Onyo: Ijumaa mchana maduka na mikahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa kwa swala. Ikiwa ziara yako inaanza siku hiyo, kula kabla ya saa sita au baada ya saa nane. Mikahawa hii, kwa kawaida, haiuzi pombe, na si adabu kuiulizia.

## Hatua ya 7: Bahari, kwa saa iliyo kwenye karatasi yako

Wikendi ya bamvua, rudi Nyali au Bamburi baada ya chakula na uingie majini kuanzia saa tisa alasiri maji yakiwa yanajaa. Wikendi ya maji mafu, geuza siku: baada ya mbaazi nenda baharini asubuhi, na Fort Jesus uiache hadi saa tisa alasiri, ukikumbuka kwamba hufungwa saa kumi na mbili jioni.

Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta huko Bamburi, ambao wengi huuita Pirates, hauna kiingilio na huchangamka sana wikendi. Anayetaka utulivu aende Nyali kupitia vichochoro vya umma kati ya hoteli.

Kuona matumbawe ni kazi ya maji yaliyokupwa, kwa kuwa wakati huo mwamba wa nje huzuia mawimbi na matumbawe huwa karibu na macho. Mashua zenye kioo sakafuni huondoka ufukweni kwenda Hifadhi ya Bahari ya Mombasa. Kabla ya kupanda, thibitisha mambo matatu: ada ya hifadhi italipwa na nani, kila abiria ana jaketi la kujiokolea, na mtarudi saa ngapi. Jaketi likikosekana, shuka, hata kama umekwisha kulipa. Chini ya maji usikanyage matumbawe, na usichukue kombe wala jiwe. Ni kosa kisheria, na hifadhi inayopunguzwa kipande kimoja kwa kila mgeni haitakuwapo kwa wajukuu wa wavuvi wanaoitegemea.

Onyo: Usitembee mwambani pekupeku. Madimbwini kuna wanyama wa miiba mirefu myeusi inayovunjikia ndani ya nyayo. Na uanze kurudi maji yanapoanza kugeuka, kwa sababu hujaa nyuma yako kabla hujayaona mbele.

## Hatua ya 8: Usiku wa Jumamosi

Chagua moja kati ya mawili, usijaribu yote. La kwanza ni kula barabarani kisiwani: mishkaki, viazi karai na chatini ya ukwaju, kisha mkate mayai. Tarboush, kwenye Barabara ya Makadara, ni mahali panapojulikana kwa vyakula hivi na hujaa familia za mji. Malizia kwa kahawa tungu ya tangawizi kutoka dele la shaba, pamoja na kipande cha halua. Kikombe ni kidogo kwa makusudi, kwa hiyo kunywa viwili.

La pili ni chakula cha bahari Tamarind, Nyali, ng'ambo ya maji ikitazamana na Mji wa Kale. Bei ni ya juu na meza huwekwa mapema kwa simu. Kwa maoni yangu, mwenye usiku mmoja tu achague barabarani. Tamarind ni ya aliye na sherehe ya kuadhimisha.

## Hatua ya 9: Jumapili na kuondoka

Ikiwa ni bamvua, asubuhi hii ndiyo ya mashua na matumbawe, nayo Haller Park ifuate alasiri. Vinginevyo anza na Haller Park, Bamburi, mahali palipokuwa machimbo ya mawe ya kutengenezea saruji kabla ya kupandwa miti kuanzia mwaka 1971. Twiga hulishwa saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, na mgeni huruhusiwa kuwalisha kwa mkono; fika nusu saa mapema.

Kwa kurudi Nairobi, treni ya usiku hukupa Jumapili nzima, lakini huingia Syokimau, kituo cha Nairobi, usiku wa manane, hivyo panga mapema usafiri wa kukufikisha nyumbani. Kutoka Bamburi hadi Miritini njia ya kawaida ni uvuke Daraja la Nyali, ukate kisiwa na upite Changamwe. Ondoka ukiwa na muda wa saa tatu nzima kabla ya treni.

Kituoni mizigo hupangwa chini kwa mstari ili inuswe na mbwa wa polisi. Funga halua na achari ndani ya vyombo visivyovuja, uviweke juu kabisa ya begi, kwa sababu utaombwa kulifungua.